Kuwakinga wagonjwa waliolazwa dhidi ya fangasi wa ndani ya mwili: mwongozo wa wodini, hatua kwa hatua

Mgonjwa yuko siku ya tisa ICU (chumba cha wagonjwa mahututi) baada ya kupasuliwa utumbo uliotoboka. Homa imerudi. Antibayotiki ya seftriaksoni ilibadilishwa ikawa meropenemu, meropenemu ikaongezewa vankomaisini, na bado joto ni 38.9. Shingoni ana mrija mkubwa wa mshipa uliowekwa siku ya kwanza, na zamu nzima hakuna anayejua bandeji yake ilibadilishwa lini. Hapo wengi tunawaza bakteria sugu, na mara nyingi tunawaza sawa. Lakini mgonjwa wa namna hii ndiye ambaye kandida, fangasi aliyekuwa akiishi kimya tumboni na kwenye ngozi yake, hupata njia ya kuingia kwenye damu. Njia yenyewe tunakuwa tumemchongea sisi.

Mwongozo huu ni wa wauguzi, matabibu, madaktari, wafamasia, watu wa maabara na wa usafi katika hospitali zetu za wilaya, mkoa na rufaa. Haumhusu fangasi wa kucha wala mba. Unahusu fangasi wanaoingia kwenye damu, ubongo na mapafu, ambao mgonjwa akiwapata, hata dawa nzuri ikiwepo, uwezekano wa kumpoteza ni mkubwa. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya fangasi 19 wanaopaswa kupewa kipaumbele. Kundi la juu kabisa lina wanne: Cryptococcus neoformans, Candida auris, Aspergillus fumigatus na Candida albicans. Wote wanne tunao Afrika Mashariki.

Msimamo wangu niuseme mapema. Sehemu kubwa ya kinga haimo kwenye kabati la dawa. Imo kwenye mirija, kwenye mikono, kwenye uamuzi wa kusimamisha antibayotiki, na kwenye kipimo kimoja cha damu kwa mwenye VVU aliyeshuka kinga. Dawa za kuzuia fangasi zina wenyewe, nao ni wachache, nitawataja mbele. Dozi nitakazozitaja ni za watu wazima isipokuwa niseme vingine, na pale mwongozo wa taifa lako unapoagiza tofauti, fuata wa taifa.

Hatua ya 1: Mjue mgonjwa siku anayolazwa

Fangasi hawa hawaingii kwa mlango mmoja, kwa hiyo kinga ya mmoja haimzuii mwingine. Kandida hupitia kwenye mirija, kwenye utumbo uliotoboka, na kwenye ngozi laini ya mtoto njiti. Kriptokokasi huvutwa kwa pumzi kutoka kwenye mazingira, hasa udongo wenye kinyesi cha ndege, kisha hujificha mwilini hadi CD4 (idadi ya chembe za kinga) iporomoke. Hatoki kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine. Ukungu wa Aspergillus na jamii ya mukori huelea hewani pamoja na vumbi, na huwashika wale ambao chembe nyeupe zao zimekwisha, au wanatumia steroidi nyingi, au sukari yao imepanda bila kudhibitiwa. Pneumocystis hushambulia mapafu ya mwenye VVU na ya mtu aliyekaa muda mrefu kwenye steroidi.

Kwa hiyo mgonjwa anapopokelewa, maswali yawe machache na majibu yaandikwe ukurasa wa mbele wa faili: Hali yake ya VVU inajulikana, na CD4 ya mwisho ni ngapi? Anatumia prednisoloni au deksamethasoni, kiasi gani, tangu lini? Ana kisukari? Yuko kwenye tibakemia? Ni mtoto njiti, na alizaliwa na gramu ngapi? Ametoka kulazwa hospitali nyingine, hasa ICU? Hili la mwisho husahaulika kuliko yote, na utaona kwenye hatua ya nne kwa nini ni zito.

Hatua ya 2: Mirija

Hapa nitakaa zaidi, maana hapa tunaweza kubadilisha mambo kesho asubuhi bila kusubiri bajeti.

Kabla ya kuweka mrija wa mshipa mkubwa, uliza kazi yake ni nini. "Mshipa haupatikani" ni sababu halali, lakini pia mara nyingine ni ishara kwamba hakuna aliyejaribu kwa utulivu. Kama mgonjwa anaweza kulishwa kwa mpira wa puani, alishwe kwa huo. Utumbo unaofanya kazi ni kinga, na chakula cha kupitia mshipani ni karamu ya kandida.

Ukishaamua kuuweka, chagua mshipa wa chini ya mtulinga au wa shingoni. Kinenani iwe hatua ya mwisho kwa mtu mzima. Nawa, vaa kofia, barakoa, gauni na glavu steraili, na mfunike mgonjwa kwa shuka steraili kuanzia kichwani hadi miguuni. Kile kitambaa kidogo chenye tundu hakitoshi. Safisha ngozi kwa klorheksidini iliyochanganywa na spiriti na usubiri ikauke yenyewe. Usiipepee, usiifute. Muuguzi anayesaidia awe na ruhusa ya kusema "Daktari, tusimame, glavu imegusa kitanda," na daktari asimame. Bila ruhusa hiyo, orodha iliyobandikwa ukutani ni pambo.

Mrija ukishakuwa ndani, kila asubuhi kwenye mzunguko wa wodi liulizwe swali moja kwa sauti: bado unahitajika kwa kazi gani? Jibu likiwa "tuuache, huenda tukauhitaji," utolewe. Bandeji ya gozi hubadilishwa kila baada ya siku 2, ile inayoonyesha ndani kila baada ya siku 7, na yoyote iliyolowa, kuchafuka au kubanduka hubadilishwa papo hapo. Tarehe iandikwe juu ya bandeji yenyewe kwa kalamu ya wino mzito. Ikiandikwa kwenye faili peke yake haitasomwa.

Kisha kuna kiunganishi, pale sindano inapochomekwa. Kabla ya kila dawa kisuguliwe kwa spiriti kwa sekunde 15 na kiachwe kikauke. Ninajua wodi ilivyo saa kumi na mbili jioni: muuguzi mmoja, wagonjwa wengi, dawa za saa hiyo zote zimerundikana. Sekunde 15 zinaonekana anasa. Kilicho rahisi ni kuweka pamba za spiriti kwenye sinia la kila kitanda wakati wa kukabidhiana zamu, ili asiyekuwa nazo asilazimike kuzifuata mwisho wa korido. Mtu akilazimika kuzifuata, hatazifuata.

Chupa moja ya dekstrosi inayochomwa tena na tena kuchanganyia dawa za wagonjwa wengi ikomeshwe. Najua inaokoa hela. Lakini dawa au maji yakishaingiliwa na fangasi yanampeleka moja kwa moja mahali ambapo mwili hauna ulinzi. Marekani mwaka 2012 sindano za steroidi zilizochafuliwa na ukungu zilipotengenezwa ziliwaambukiza watu zaidi ya 700 katika majimbo 20, wengi wao kwenye uti wa mgongo na ubongo, na zaidi ya 60 wakafa. Propofoli ni ya kuangaliwa kwa jicho kali zaidi kwa sababu ina mafuta ambamo vijidudu huzaana haraka: chupa moja mgonjwa mmoja, kinachobaki hutupwa, na mpira wake hubadilishwa ndani ya saa 12. Mipira ya damu na ya chakula chenye mafuta hubadilishwa ndani ya saa 24. Mipira ya dripu za kawaida haina haja ya kubadilishwa kabla ya saa 96. Kuifungua kila siku kwa nia njema kunaongeza mikono inayoigusa.

Kwenye wodi ya watoto njiti mambo ni hayo hayo, ila kosa dogo linaadhibiwa vikali. Mrija wa kitovuni wa mshipa wa vena utolewe mapema iwezekanavyo, usivuke siku 7. Maziwa ya mama yaanze mapema hata kama ni matone, kwa sababu kila siku mtoto anapokaribia kushiba kwa mdomo au kwa mpira wa puani ndiyo siku kanula inapokaribia kutoka. Mama wa kangaruu, anayembeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, asionekane kama mgeni anayevuruga usafi wa wodi; ngozi yake humpa mtoto bakteria walio rafiki. Halafu kuna kile kipande cha katoni. Wodi nyingi hukata boksi la dawa, hulizungushia plasta na kulifanya gango la kushikilia mkono wenye kanula. Katoni ile imekaa stoo, imepata unyevu, imepitiwa na mende. Uingereza miaka ya 1990 watoto njiti walipata ukungu kwenye ngozi kutokana na vijiti vya mbao vya kukandamizia ulimi vilivyotumiwa kama magango hayo. Tumieni kitu kinachofutika kwa spiriti, cha plastiki, na mkague ngozi ya chini yake kila zamu.

Mpira wa mkojo nao una sheria ile ile: utoke mara kazi yake inapokwisha. Maabara ikileta jibu la kandida kwenye mkojo na mgonjwa hana dalili, toa au badilisha mpira, usianze dawa. Wanaohitaji dawa hata bila dalili ni mtoto mwenye uzito mdogo sana, mgonjwa aliyeishiwa chembe nyeupe, na anayekwenda kufanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo. Vivyo hivyo kandida kwenye makohozi: karibu kila mara ni mkaaji wa mdomoni tu.

Hatua ya 3: Punguza antibayotiki na steroidi

Antibayotiki yenye wigo mpana huwaua bakteria wa tumboni wanaombana kandida, na kandida hubaki na shamba lote peke yake. Kwa hiyo kila antibayotiki iwe na tarehe ya kuangaliwa upya, saa 48 hadi 72 baada ya kuanza: majibu ya maabara yanasema nini, tunapunguza, tunasimamisha, au tunaendelea kwa sababu ipi? Kinga ya upasuaji ni dozi ya kabla ya kisu. Kumwendelezea mgonjwa seftriaksoni siku tano "ili kidonda kisiharibike" hakumlindi. Kwa watoto wachanga kuwa mwangalifu zaidi na seftriaksoni na sefotaksimu, kwa kuwa dawa za kundi hili zimehusishwa wazi na kandida kwa njiti. Dawa za kupunguza asidi tumboni nazo zisiandikwe kwa mazoea.

Steroidi iandikwe na siku ya mwisho. India mwaka 2021, wimbi la UVIKO-19 lilipokutana na kisukari na deksamethasoni iliyotumiwa kupita kiasi, mukori iliwapata watu zaidi ya 40,000 ndani ya miezi michache, wengi wao machoni, puani na ubongoni. Funzo linahusu wodi yoyote: mgonjwa aliye kwenye steroidi apimwe sukari kila siku hata kama hajawahi kuambiwa ana kisukari.

Hatua ya 4: Mikono, vifaa, na Candida auris

Kandida wa kawaida hutoka kwa mgonjwa mwenyewe. Candida auris anatoka kwa jirani. Alielezwa kwa mara ya kwanza Japani mwaka 2009, na tangu hapo ameonekana kila bara lenye watu. Hukaa kwenye ngozi ya mgonjwa miezi mingi bila dalili, hudumu wiki kadhaa kwenye reli za vitanda na meza, na mara nyingi dawa ya fangasi ya flukonazoli haimwezi. Afrika Kusini ilikusanya visa 1,692 kati ya Oktoba 2012 na Novemba 2016, vingi mkoa wa Gauteng. Katika hospitali moja ya Nairobi, uchunguzi wa miaka 2010 hadi 2016 ulimkuta kwenye asilimia 38 ya wagonjwa waliokuwa na kandida kwenye damu, akiwa amempita Candida albicans. Anayesema "hapa kwetu hayupo" aulize kwanza maabara yake inaweza kumtambua. Vipimo vya zamani humwita Candida haemulonii au jina jingine. Mkiona jina hilo, pelekeni sampuli maabara ya rufaa yenye mashine ya MALDI-TOF, inayotambua vijidudu kwa protini zao.

Jinsi anavyosafiri ilionekana vizuri Oxford, Uingereza. Kwenye ICU ya wagonjwa wa ubongo na neva, watu 70 walikutwa naye kati ya 2015 na 2017. Walisafisha, wakatenga, wakanawa, na bado. Ufuatiliaji ulielekea kwenye vipimajoto vya kwapani vilivyokuwa vikihama kutoka mgonjwa mmoja kwenda mwingine. Vilipoondolewa ndipo visa vipya vikapungua. Sasa tazama toroli la vipimo la wodi yako: kipimajoto kimoja, kitambaa kimoja cha presha, kile kidude cha kubana kidole, vyote vinazunguka vitanda vyote kabla ya saa moja asubuhi.

Basi kila siku:

- Mikono isafishwe kwa sanitaiza ya spiriti kabla na baada ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kushika mrija, baada ya kugusa majimaji ya mwili, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Chupa iwe mguuni mwa kitanda. Glavu haibadilishi sharti hili, na kutembea na glavu moja kitanda hadi kitanda ni kubaya kuliko kutokuwa nayo.
- Vifaa vya toroli vifutwe kati ya mgonjwa na mgonjwa. Penye uwezo, kila kitanda cha ICU kiwe na kipimajoto na kitambaa chake.
- Wagonjwa wa ICU waogeshwe kwa klorheksidini ya asilimia 2 kila siku, kama ipo.

Na akipatikana mgonjwa wa kwanza mwenye Candida auris, ahamishiwe chumba cha peke yake. Kisipokuwepo, kona ya mwisho yenye muuguzi wake na vifaa vyake. Waliolala jirani naye wachukuliwe sampuli kwa pamba kwapani na kinenani. Mwenye fangasi huyo kwenye ngozi tu asipewe dawa, kwani haimwondoi na inamfundisha usugu.

Usafi wa chumba ufanywe kwa klorini, si kwa zile dawa za sakafuni zenye harufu nzuri ambazo nyingi hazimwezi. Kwanza sabuni na maji, kisha klorini ya asilimia 0.1. Kama blichi yenu ni ya asilimia 3.5, changanya kipimo kimoja cha blichi na vipimo 34 vya maji, iache uso ukiwa umelowa dakika 10, na mchanganyiko wa jana umwagwe. Anayesafisha afundishwe kuanza na vinavyoguswa sana (reli, vitufe vya mashine, meza, kitasa, swichi) kabla ya sakafu. Watu wa usafi ndio wanaofanya kazi hii nyeti kuliko wote, na kwa hospitali nyingi ndio wasiowahi kuitwa kwenye semina hata moja.

Mgonjwa akihamishwa, barua ya rufaa itaje jina la fangasi huyu kwenye mstari wa kwanza. Hospitali inayoficha inamweneza.

Hatua ya 5: Mwenye VVU aliyeshuka kinga

Kwa wodi za kawaida za Afrika Mashariki, hakuna hatua itakayookoa wengi kama hii. Kila mwenye VVU anayelazwa, kwa ugonjwa wowote ule, apimwe CD4. Tangu kipimo cha wingi wa virusi kishike nafasi, CD4 imekuwa kama mtoto wa kambo, na hiyo ndiyo inayotuambia nani yuko hatarini leo. Chini ya 200, pima CrAg: tone la damu kwenye kipande cha karatasi, dakika 10, bila umeme. WHO inapendekeza kwa mkazo kwa walio chini ya 100 na inaruhusu hadi 200. Kipimo hiki hutafuta chembe za ganda la kriptokokasi, nazo huonekana kwenye damu mapema: utafiti uliofanyika Entebbe ulionyesha zinatangulia dalili za homa ya uti wa mgongo kwa wiki tatu hivi. Wiki hizo tatu ndizo nafasi yetu.

Ushahidi uko nyumbani. Utafiti wa REMSTART, uliofanyika Dar es Salaam na Lusaka na kuchapishwa mwaka 2015, uliwachukua watu wapatao 2,000 waliokuwa wanaanza ARV wakiwa na CD4 chini ya 200. Nusu walipimwa CrAg na kutembelewa nyumbani wiki za mwanzo na wahudumu wa jamii waliofunzwa. Nusu walipata huduma ya kawaida. Baada ya mwaka, waliofariki walikuwa asilimia 13 upande wa kwanza na 18 upande wa pili. Waliotembea nyumba kwa nyumba hawakuwa madaktari.

CrAg ikiwa chanya, usikimbilie vidonge. Uliza kuhusu kichwa kuuma, kuona vitu viwili viwili, kuchanganyikiwa. Kisha, hata bila dalili, mgonjwa atolewe maji ya uti wa mgongo kama hakuna kizuizi. Hapa ndipo ndugu hukataa. Wanaijua hadithi ya jirani aliyetolewa maji akafa, na hadithi ni ya kweli, kwa sababu wengi huletwa wakiwa wamechelewa. Usiwakemee. Kaa nao: "Mama, tunachotoa cha kupima ni kama kijiko kimoja cha chai. Sindano inaingia chini kabisa, uti wenyewe ukiwa umeshakwisha kule juu. Tusipojua kama mdudu amefika kichwani, tutampa dawa isiyotosha." Mwonyeshe kwenye mgongo wako mwenyewe ni wapi. Wengi hukubali.

Maji yakiwa safi, flukonazoli miligramu 800 hadi 1,200 kwa siku kwa wiki 2, kisha 800 kwa wiki 8, kisha 200 za kuendelea hadi kinga ipande na kukaa juu. Mjamzito au mwenye ini lenye shida ashauriwe na bingwa kwanza. Maji yakiwa na kriptokokasi, hiyo si kinga tena bali tiba: dozi moja ya amfoterisini B ya liposomu, miligramu 10 kwa kilo, pamoja na flusitosini na flukonazoli kwa siku 14, kama ilivyothibitishwa na utafiti wa AMBITION katika nchi tano za Afrika, Uganda ikiwemo, na kupitishwa na WHO mwaka 2022. Amfoterisini ichanganywe kwenye dekstrosi ya asilimia 5 pekee. Kwenye maji ya chumvi inaganda. Maji ya chumvi yenye potasiamu hutangulia, kwa dripu tofauti, na figo na potasiamu hufuatiliwa. Na ARV zisubiri wiki 4 hadi 6. Utafiti wa Uganda na Afrika Kusini uliotoka mwaka 2014 ulionyesha kuwa walioanzishiwa ARV ndani ya wiki mbili walikufa asilimia 45, na waliosubiri wiki tano asilimia 30. Kliniki ya VVU (CTC) iambiwe kwa maandishi, vinginevyo mgonjwa ataanzishiwa siku anayotoka wodini.

Septrini miligramu 960 kila siku isikosekane kwa aliyeshuka kinga. Ndiyo kinga ya Pneumocystis. Kinga hiyo hiyo ifikiriwe kwa asiye na VVU anayetumia prednisoloni miligramu 20 au zaidi kwa mwezi na zaidi huku akiwa na sababu nyingine ya kinga kushuka, kama saratani ya damu.

Hatua ya 6: Vumbi, unyevu, mashuka

Fundi akianza kuvunja ukuta karibu na wodi ya saratani, mbegu za Aspergillus huruka na vumbi. Kabla nyundo haijagonga, mkuu wa wodi aambiwe tarehe. Eneo la kazi lizungushiwe nailoni nzito hadi darini, kifusi kinyunyiziwe maji na kutolewa kwa njia isiyopita wodini, na sakafu ipigwe deki ya maji badala ya kufagiwa. Wagonjwa ambao chembe zao nyeupe za nyutrofili ziko chini ya 500 wahamishwe upande wa mbali, na wakitoka kwenda eksirei wavae barakoa ya N95. Vyumba vya hewa iliyochujwa ni vizuri, ila hospitali nyingi hazina, na kukosekana kwake si sababu ya kuacha nailoni na maji.

Kuna mgongano mmoja. Kifua kikuu kinataka madirisha wazi. Vumbi linataka yafungwe. Wodi ya kawaida iache madirisha wazi, maana huko kifua kikuu ndicho kitakachoua zaidi. Funga tu upande unaotazama ujenzi, na umhamishe yule mmoja au wawili wasio na chembe nyeupe.

Dari lililovuja likaushwe ndani ya saa 72, la sivyo ubao uliolowa ung'olewe. Vyungu vya maua visiingie wodi ya saratani wala ya waliopandikizwa. Mashuka yaanikwe juani yakauke kabisa, yahifadhiwe kabatini mbali na sakafu, yafunikwe yanapobebwa. Hospitali moja ya watoto huko New Orleans ilipoteza watoto watano mwaka 2008 na 2009 kwa mukori iliyotoka kwenye mashuka. Kanga na blanketi kutoka nyumbani hatuwezi kuzikataza, ila kwa mtoto njiti na mgonjwa wa tibakemia zifuliwe, zikauke juani na zipigwe pasi kwanza.

Hatua ya 7: Dawa ya kinga, na nani asipewe

Mtoto aliyezaliwa chini ya gramu 1,000, katika wodi ambayo zaidi ya mmoja kati ya kumi wa uzito huo hupata kandida ndani ya mwili: flukonazoli miligramu 3 hadi 6 kwa kilo, mara mbili kwa wiki, kwa wiki 6. Isipopatikana, nistatini ya mdomo yuniti 100,000 mara tatu kwa siku kwa walio chini ya gramu 1,500. Mgonjwa wa saratani kali ya damu aina ya mieloidi anayeanza tibakemia nzito: posakonazoli, penye uwezo. Aliyepandikizwa uboho au ini hufuata mpango wa kituo chake. Mtu mzima wa ICU, kwa kawaida hapana, labda mwenye hatari kubwa kwenye ICU ambayo kandida ni zaidi ya wagonjwa 5 kwa 100.

Kabla ya kuandika, mwite mfamasia. Vinkristini pamoja na posakonazoli au vorikonazoli huharibu neva vibaya, na watoto wetu wengi wa saratani ya damu wako kwenye vinkristini. Rifampisini hushusha flukonazoli na huifanya vorikonazoli isiwe na maana. Wafarini na fenitoini hupanda damuni mgonjwa akiwa kwenye flukonazoli.

Hatua ya 8: Akipenya, na kuhesabu

Kandida kwenye damu si uchafu wa sampuli hata ikionekana chupa moja tu. Anza dawa ya fangasi siku hiyo, ya kundi la ekinokandini kama ipo, toa mrija wa mshipa mkubwa, rudia kuotesha damu kila siku hadi iwe safi, angalia macho, na hesabu siku 14 kuanzia siku damu iliposafika. Chupa zikiwa hasi usijiamini sana, kwa sababu kuotesha damu hukosa karibu nusu ya maambukizi haya.

Kwa kuhesabu, daftari linatosha. Kila siku saa sita mchana muuguzi wa zamu aandike ni wagonjwa wangapi wana mrija wa mshipa mkubwa. Mwisho wa mwezi jumlisha siku hizo, gawanya visa vya kandida kwenye damu kwa jumla hiyo, zidisha kwa 1,000. Safu ya pili iwe ya CrAg: wenye VVU wangapi walilazwa, wangapi walipimwa CD4, wangapi walikuwa chini ya 200, wangapi kati yao walipimwa CrAg, na waliokuwa chanya walianza dawa baada ya siku ngapi. Namba hizo zisomwe kwenye kikao cha wodi, mtu wa maabara na msimamizi wa usafi wakiwa wamekaa mezani.